Kumbe Babu Hakusema Uongo

Mpenzi msomaji, kama uliwahi kuchekwa na darasa zima, basi utanielewa. Mimi nilichekwa mwaka 1999, nikiwa darasa la tano katika shule moja ya msingi huku Malindi ambayo jina lake nitalihifadhi. Tuliambiwa tuandike insha kuhusu Siku ya Jamhuri. Wenzangu waliandika juu ya gwaride, bendera na pilau. Mimi niliandika yale niliyosimuliwa na babu yangu mzaa mama, mvuvi wa Ngomeni, ya kwamba Siku ya Jamhuri mwaka 1970 roketi ilipaa kutoka baharini mbele ya kijiji chao, ikapeleka angani chombo cha kuhesabu nyota. Nikaongeza kwamba miongoni mwa wakubwa wa shughuli ile alikuwako mama mmoja wa Kizungu, na wanaume wote walikuwa wakimsikiliza yeye.

Mwalimu aliisoma insha yangu kwa sauti. Alipofika penye roketi alisita, akavua miwani, akanitazama. "Malindi tunaangua madafu," akasema, "haturushi roketi." Darasa likalipuka kwa kicheko. Alipofika penye yule mama, hata waliokuwa wakisinzia nyuma waliamka wakacheka. Nilichapwa viboko viwili kwa kuandika uongo, na tangu siku hiyo hadi nilipomaliza darasa la nane jina langu likawa Roketi.

Viboko vilipoa jioni ile ile. Jambo ambalo halijapoa hadi leo ni nililolifanya Jumapili iliyofuata. Tulikwenda Ngomeni kumwamkia babu, kama ilivyokuwa desturi yetu. Watu walikuwa wameketi barazani wakinywa kahawa, nami, mtoto wa miaka kumi na mmoja, nikamwambia mbele yao: "Babu, wewe ni mwongo. Umenitia aibu shuleni." Mama alinivuta sikio hadi nikaona vimulimuli. Babu hakukasirika. Alitazama kikombe chake, kisha akasema polepole, "Huenda nimesahau, mke wangu." (Msomaji wa bara asishtuke. Huku kwetu Pwani babu humwita mjukuu wa kike mke wake, ni utani wa kawaida.) Tangu siku hiyo sikumsikia tena akiisimulia habari ile, wala kwangu wala kwa wajukuu wengine.

Kwa upande mmoja sikuwa wa kulaumiwa. Roketi ya mwisho kurushwa pale ilikuwa ya Machi 1988, mwaka niliozaliwa. Mimi nilichokuwa nikikiona ni majukwaa tu ya chuma yaliyosimama kwa miguu yake kule baharini, kimya, kama meza zilizosahauliwa baada ya arusi. Na katika vitabu nilivyosomea mimi hapakuwa na hata sentensi moja juu yake. Nilijua majina ya mito ya Ulaya, lakini sikujua lililotendeka kilomita thelathini hivi kutoka kwenye dawati langu.

Sasa twende hadi Novemba 2022. Nilikuwa nimeshasomea uandishi wa habari, nikapata stashahada yangu, na nikawa mwandishi wa makala. Siku hiyo niliombwa niandike habari fupi ya sayansi kwa ajili ya ukurasa wa watoto. Habari yenyewe ilikuwa hii: wanasayansi wamepata dalili kwamba nyota moja iliyokufa ina ngozi ngumu, isiyofunikwa na hewa yoyote, na wamelijua hilo kwa kuuchunguza mwanga wake usio wa kawaida. Nyota hiyo inaitwa 4U 0142+61.

Jina gani hili, kama nambari ya matatu! Lakini chuoni tulifundishwa kwamba herufi usiyoielewa usimwachie msomaji. Tarakimu za mwisho zilinipa kazi ndogo, kwani zinaonyesha tu mahali nyota ilipo angani. Nne nayo ni toleo la nne la orodha. Nikabaki na U. Nilipoipata, nilikaa kimya kwenye kiti changu kwa muda hata mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nimepata habari ya msiba.

U ni Uhuru.

Naam, Uhuru ile ile ya kwetu. Jumamosi tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikisherehekea miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini mbele ya Ngomeni. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, chini ya Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, na setilaiti ilikuwa ya Marekani. Ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, yaani gunia moja na nusu la mahindi. Kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Aliyependekeza jina hilo ni msimamizi wa mradi kwa upande wa Marekani, mhandisi Marjorie Townsend. Mwanamke! Alikuwa wa kwanza miongoni mwa wanawake kuhitimu uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington, mwaka 1951. Mama wa Kizungu wa babu alikuwa na jina, cheo na shahada.

Huenda unajiuliza kwa nini watu watoke Roma na Washington kuja kurusha roketi huku kwenye mikoko. Sababu ni kwamba Ngomeni iko karibu sana na ikweta, digrii tatu hivi kusini yake. Dunia inapojizungusha, sehemu za ikweta ndizo ziendazo kwa kasi kubwa kupita zote, zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo huo bila malipo. Tena setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka eneo la kusini mwa bahari ya Atlantiki ambako chembechembe za umeme huvuruga vyombo. Baina ya mwaka 1967 na 1988, setilaiti tisa zilirushwa kutoka pale.

Kazi ya Uhuru ilikuwa kutafuta eksirei, ile miale inayopiga picha ya mfupa hospitalini. Nyota nyingine hutoa miale hiyo, lakini angahewa yetu huizuia, nasi tushukuru, la sivyo tusingekuwa hai. Anayetaka kuiona hana budi kupanda juu. Riccardo Giacconi na wenzake waliwahi kurusha roketi mwaka 1962, wakachungulia kwa dakika chache tu na kugundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa jua letu. Uhuru ilichungulia kwa zaidi ya miaka miwili. Orodha yake ya nne, iliyotoka mwaka 1978, ina vyanzo 339. Mwaka 2002 Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kila mwanasayansi ulimwenguni atajaye chanzo cha orodha hiyo analitamka neno letu, ingawa wengi wao nadhani hawajui kwamba ni la Kiswahili.

Basi tuje kwa nyota yenyewe. Hapa naomba subira yako, kwa maana mimi pia sayansi iliniponyoka kidato cha pili.

Nyota kubwa inapokufa hulipuka, na kiini chake hujikunja kikawa kidogo ajabu. Kinachobaki huitwa nyota ya nyutroni. Upana wake ni kilomita 20 hivi, kadiri ya safari ya matatu kutoka Malindi hadi Watamu, lakini ina uzito unaolishinda jua. Kijiko kimoja cha chai cha kilichomo ndani yake kina uzito wa mabilioni ya tani. Na baadhi ya nyota hizo zina sumaku isiyoelezeka. Ukali wa sumaku hupimwa kwa gausi. Sumaku ya dunia, ile inayoelekeza dira ya nahodha, haifiki gausi moja. Sumaku ndogo ya kubandika picha kwenye friji ni kama mia moja. Mashine kubwa za hospitali zinazotumia sumaku kupiga picha ya ubongo ni 15,000 hivi. Nyota yetu hii ya 4U inakisiwa kuwa na gausi trilioni mia moja. Nyota za namna hii huitwa magneta.

Kinachotokea penye sumaku kali namna hiyo wataalamu walikuwa wameshakipigia hesabu miaka mingi kabla. Atomi, ambazo kwa kawaida tunazifikiria kama vidude vya mviringo, hubanwa zikawa nyembamba na ndefu kama sindano. Kisha hushikana ncha kwa ncha, mnyororo kando ya mnyororo, hata kile ambacho kingekuwa hewa ya moto kikaganda, kama maji yanavyoganda katika friji ya muuza samaki. Angalia ajabu yake: uso wa nyota hiyo una joto la mamilioni ya digrii, joto ambalo chuma chetu kingegeuka moshi, na bado sumaku inaweza kuugandisha ukawa mgumu.

Lakini hesabu ni hesabu. Nani ataenda kuigusa nyota iliyo mbali kiasi kwamba mwanga wake hutumia miaka 13,000 kufika kwetu? Mwanga huo ulianza safari kabla piramidi za Misri hazijajengwa, sembuse msikiti wa Gede.

Jibu lilikuwa ndani ya mwanga wenyewe. Mwanga ni wimbi, na wimbi hutikisika kuelekea upande fulani. Chukua kamba, uifunge kwenye boriti, uitikise juu na chini; utaona mawimbi yakisimama wima. Itikise kushoto na kulia, nayo yatalala. Mwanga wa taa yako ya chumbani ni mchanganyiko wa pande zote. Lakini mwanga uliotoka mahali penye sumaku kali hupangika, mawimbi mengi yakatikisika upande mmoja kuliko mwingine. Anayeweza kuupima mpangilio huo anaweza kujua mwanga umetoka wapi: kwenye hewa, kwenye kitu kigumu, au kwenye wingu la umeme.

Chombo cha kupimia eksirei kwa namna hiyo kilirushwa tarehe 9 Desemba 2021. Kinaitwa IXPE, ni ushirikiano wa Marekani na Italia, na kina darubini tatu. Kilirushwa kutoka Florida, si kutoka kwetu, lakini njia yake ni juu ya ikweta. Mapema mwaka 2022 kiliitazama 4U 0142+61. Roberto Taverna wa Chuo Kikuu cha Padova, Silvia Zane wa London na wenzao walipoupima mwanga wake waliona hivi: katika eksirei za nguvu ndogo, mpangilio ulikuwa asilimia 15 hivi tu. Katika nguvu ya kati ukatoweka kabisa. Katika nguvu kubwa ukarudi kwa kishindo, asilimia 35 hivi, lakini sasa ukiwa umegeuka digrii 90. Aliyekuwa amesimama amelala, aliyekuwa amelala amesimama.

Kama nyota ingekuwa imefunikwa na hewa, ile eksirei ya nguvu ndogo ingepangika zaidi mara nyingi, kwani hewa yenye sumaku huuchuja mwanga kama chujio la tui. Upungufu ule ndio uliowafanya wasema kwamba mwanga ule unatoka moja kwa moja kwenye ngozi ngumu, iliyo tupu. Ile ya nguvu kubwa wakasema imegongana na chembe za umeme zinazozunguka nyota, ndiyo maana imegeuka. Siwezi kukuficha kwamba wako wanaobisha. Mwaka 2023 lilitolewa elezo jingine linalosema hewa ipo, ila mwanga hugeuzwa ukiwa njiani. Wataalamu wangali wanavutana, nami siwezi kuwaamulia.

Lakini mimi, msomaji wangu, nilikuwa nimeshika jambo jingine. Niliuliza habari za IXPE huteremshwa wapi duniani. Jibu: Malindi. Antena zenyewe ziko kwenye kituo kile kile cha Ngomeni, ambacho siku hizi kinaitwa kwa jina la Luigi Broglio. Kwa hiyo nyota iliyoorodheshwa na setilaiti iliyopaa mbele ya kijiji cha babu mwaka 1970 ilikuwa sasa imetoa siri ya ngozi yake, na siri hiyo imeshukia kijijini kwa babu. Na babu alikuwa hai, ana miaka 77, naye kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amenyamaza kwa sababu yangu.

Nilichukua likizo mwezi wa Desemba. Nilipanda gari Malindi, nikavuka Sabaki, nikapita Mambrui, kisha Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, na huko kote nilikuwa nikijaribu maneno yangu kimoyomoyo kama mtu anayekwenda kuposa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Umekonda. Nairobi hawali?"

Niliyasahau maneno yote. Nikaanza moja kwa moja na mama wa Kizungu. Nikamwambia jina lake, kazi yake, na kwamba yeye ndiye aliyeipa setilaiti jina la Uhuru. Nikamwambia tarehe. Nikamwambia ilikuwa Jumamosi. Kisha nikamwambia, na sauti ilinisaliti hapa, kwamba nilimtukana mbele ya watu na naomba radhi.

Alikaa akitazama bahari. "Ilikuwa Jumamosi," akasema. "Hilo nilikuwa nimelisahau kweli." Wakati ule alikuwa kijana, kibarua wa kubeba mizigo hadi kwenye maboti. Akaniuliza yule mama anaitwa nani tena, nikarudia, naye akajaribu: "Majori." Akatikisa kichwa kama mtu aliyekutanishwa na mtu wa zamani. Kuhusu radhi hakusema neno, ila alimwita mke wa mjomba aongeze mbaazi na mahamri.

Baadaye alitaka kujua hao watu waliiona nini hiyo nyota. Nilijaribu kumweleza mawimbi yaliyosimama na yaliyolala, nikaona uso wake umefunga. Binamu yangu Kazungu, ambaye huwapeleka watalii kuvua, ndiye aliyeniokoa. Ana miwani ya jua aliyoachiwa na mtalii mmoja, ile inayofuta mng'ao wa maji ili mvuvi aone samaki chini. Mng'ao juu ya bahari ni mwanga uliopangika kulala, na kioo cha miwani ile hupitisha uliosimama tu. Nilimvisha babu miwani, tukashuka ufukweni jua likiwa limeinama.

"Unaona nini?"

"Naona chini. Naona mawe."

"Sasa laza kichwa begani."

Akalaza. "Mng'ao umerudi!" Akainua kichwa, akalaza tena, akainua. Wavuvi waliokuwa wakitengeneza jarife walisimama kumtazama mzee aliyevaa miwani ya kitalii akiyumbisha kichwa kama mtu wa maulidi. (Ukitaka kujaribu nyumbani, jua kwamba si kila miwani ya jua ina kioo cha namna hiyo. Niliyonunua mimi kwa wachuuzi wa ufukweni haikubadilisha kitu.)

"Sasa babu, umegeuza kichwa robo ya duara, na mwanga uliozimwa ukarudi. Hao nao waliona mwanga wa nyota umegeuka robo ya duara hivyo hivyo, bila wao kugeuza kichwa. Ndipo wakasema, mwanga huu umetoka pahali pawili: mmoja kwenye ngozi yake ngumu, mwingine kwenye moto unaoizunguka."

"Ngumu kama jiwe?"

"Zaidi."

"Na hapana hata hewa juu yake."

"Wanadhani hapana."

Alifikiri. "Basi upepo haupo. Huko hapana mvuvi," akasema, akaivua miwani na kuifuta kwa shuka yake kwa uangalifu mkubwa.

Usiku tulitoka nje. Kaskazi ilikuwa imeshaanza na anga ilikuwa safi. Upande wa kaskazini, si juu sana, kuna nyota tano zilizopangika kama herufi M. Nyota yetu iko upande huo, ingawa macho matupu hayaioni. Nilimwonyesha kwa kidole. Upande wa pili, nyuma ya ua wa waya, antena za kituo zilikuwa zimetazama juu, na taa nyekundu ikiwaka na kuzimika.

Watoto wa wajomba walikuwa wametuzunguka, sita au saba, wakitaka kujua tunatafuta nini. Babu alijikohoza. Akaanza kuwaambia kwamba zamani, Jumamosi moja, Siku ya Jamhuri, watu wote wa hapa walisimama pale kwenye ile minazi, na baharini kukasikika ngurumo ambayo haikuwa ya mvua. Aliisimulia yote, na mama Majori akiwamo.

Mkubwa wao, kijana wa darasa la sita, alikunja uso. "Babu, roketi hapa Ngomeni? Kweli?"

Babu hakumjibu. Alininyooshea mkono gizani.

"Muulizeni Roketi huyo," akasema.